Buibui wa Mzee Ojuok na Maua ya Mama Kija

"Buibui ni wako," alisema Getruda. "Usinizungushe. Wanatoka kwako, wanapita kwenye uzio, wanaingia jikoni kwangu. Leo nimemkuta mmoja juu ya mfuniko wa uji, amekaa kama mwenye nyumba."

"Wangu?" Mzee Ojuok hakugeuka. Alikuwa ameinamia ukuta wa kibaraza chake, mikono nyuma, pua inakaribia kugusa plasta. "Nimewazaa mimi? Hao wamelelewa kwenye maua yako, Mama Kija. Maua yako ndiyo yanayowaita. Hapa kwangu wanapita tu, kusalimia."

"Maua hayaiti mtu."

"Kazi ya ua ni kuita. Ungekuwa nyuki ungenielewa."

Modesta, jirani wa ng'ambo ya njia, alikuwa anakaanga samaki mbele ya nyumba yake. Akapunguza moto. Ni mwanamke mwema, Modesta, ila kuna maneno mtu huwezi kuyasikia vizuri wakati mafuta yanapiga kelele.

Hapa Igombe, kando ya ziwa, juu kidogo ya mwalo wa wavuvi, nyumba zimebanana katikati ya mawe makubwa, na ukikohoa jirani anakupa pole kabla hujamaliza. Kati ya nyumba ya Getruda na ya mzee Ojuok hakuna ukuta. Kuna uzio wa maua, yale ambayo wengine huyaita lantana: majani yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, yanatoa harufu kali ukiyasugua, na kila kishada kina rangi mbili tatu, njano katikati, waridi pembeni, kama kanga iliyoshindwa kuamua. Getruda aliyapanda mwenyewe baada ya kufiwa na mumewe, akayamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, na sasa yanamfika mabegani. Akipita mgeni akayasifia, Getruda hupata usingizi mzuri siku hiyo.

Mzee Ojuok naye alikuwa na buibui. Huyu ni mtu wa Shirati, Mjaluo, fundi nyavu wa zamani. Ameshona nyavu za nusu ya mitumbwi inayotoka pale mwaloni, hadi macho yalipoanza kukataa kuona tundu la sindano. Tangu mkewe Ayoo afariki anakaa peke yake, na tangu hapo pembe za dari ya kibaraza chake zimejaa tando. Ukimwambia afagie anakujibu kwamba kwa fundi nyavu, wavu uliotegwa haukatwi na mtu asiyeutega. Huo ni mwiko wa kazi yao, na yeye hawezi kuuvunja kwa sababu tu mtegaji ana miguu minane.

Lakini wapenzi wake hasa hawakuwa hao wa kwenye tando. Walikuwa wale wadogo wanaotembea ukutani, wanaosimama, wanaokuangalia, halafu wanaruka.

"Hebu njoo umtazame huyu," alisema sasa, kidole kikielekea ukutani. "Uso mwekundu. Dume hilo. Hana wavu, hana kamba ya kutegea, anawinda kwa macho yake tu. Na hali mbu wa hovyo. Anachagua yule aliyeshiba damu."

"Damu ya nani?"

"Ya yeyote. Yangu. Yako."

"Kwa hiyo huyo buibui wako ananila mimi," alisema Getruda. "Ananila wa mtumba."

Ng'ambo ya njia kijiko kilimponyoka Modesta.

"Cheka tu," alisema mzee. "Lakini tulinganishe, kwa haki. Buibui huku, ua huku. Buibui wangu anakula mbu. Ua lako linakula nini?"

"Ua halili, linalisha. Nyuki wanakula hapa, vipepeo wanakula hapa, ndege wanakula matunda yake. Ni kama mimi."

"Na ng'ombe je? Wewe ni Msukuma wa Magu. Ng'ombe akila majani hayo anakuwaje?"

Getruda aliyatazama majani ya uzio wake. Kwao Magu hata mtoto wa kuchunga ndama anajua kwamba ng'ombe akiyashiba majani yale hatafika mbali.

"Basi," alisema mzee. "Ua lako linapendeza na linaua ng'ombe. Buibui wangu ana sura ya kutisha na hajaua hata kifaranga."

"Buibui anavizia. Huo ndio ubaya wake. Anajificha."

"Na ua lako halivizii? Linavaa rangi, linajipaka manukato, linakaa kungoja mgeni. Hao ni ndugu, Mama Kija. Mmoja anamla mgeni, mwingine anampa chai halafu anamtuma kazi."

Watu wawili waliokuwa wanapita na ndoo za dagaa walisimama. Ubishi huu haukuwa mpya mtaani. Wapo waliokuwa upande wa buibui na wapo waliokuwa upande wa maua, kama Simba na Yanga, na asubuhi walikuwa wakiulizana jana nani alishinda. Getruda aliona macho ya watu, akaona hajashinda, na mtu akiwa hajashinda mbele za watu huwa anafungua sanduku ambalo halikuwa la kufunguliwa.

"Sawa," alisema. "Lakini nyumba yangu mimi ni safi. Mtu anaingia, anakaa, haogopi kitu kitamdondokea kichwani. Yako hata mwanao anaogopa kulala."

Mzee Ojuok aligeuka, polepole, akamtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Ni safi, kweli," alisema. "Safi mpaka Kija haji kuichafua."

Modesta akaongeza moto. Maneno mengine hata yeye hakutaka kuyasikia. Wenye ndoo wakakumbuka safari yao.

Kija ndiye mtoto pekee wa Getruda. Yuko Dar es Salaam, ana kazi, ana watoto, na kila Krismasi huwa anakuja mwaka unaofuata.

*

Getruda aliingia ndani, akakaa kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, akaitazama nyumba yake. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kilikuwa mahali pake tangu mwaka juzi. Ndipo akachukua simu akampigia Okech.

Okech ni mtoto wa mzee, dereva wa lori huko Geita, kijana mwenye adabu anayesema shikamoo kabla ya simu kufika sikioni.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sitaki kuingilia mambo ya watu," alisema Getruda, na mtu akianza hivyo jua ameshaingia hadi chumbani.

"Kuna nini, mama?"

"Baba yako. Nyumba imejaa buibui, hafagii. Na siku hizi anaongea na ukuta."

 Upande wa pili ilisikika injini ya gari, halafu ikazimwa.

"Anaongea na ukuta anasema nini?"

"Anausalimia," alisema Getruda.

Hakusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililomsumbua usiku mzima. Uongo unaweza kuurudia ukasema ulitania. Ukweli wa nusu ukishautoa hauna pa kuurudishia.

Kesho yake asubuhi alitoka mapema, kama kawaida, akasimama kwenye uzio. Kwa miaka yote ya ujirani, waelewane wasielewane, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamkia. Waligombana hata wiki nzima lakini shikamoo haikukosa. Ilitolewa tu kwa sauti ya kuonyesha kwamba ugomvi bado upo.

"Shikamoo, mzee Ojuok."

"Marahaba, Mama Kija. Umeamkaje?"

Hakukuwa na mwiba kwenye sauti yake, na Getruda akaogopa.

"Okech amepiga simu," alisema mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hakuwa ukutani. "Anakuja Jumamosi kunichukua. Tunaenda Geita, nikae naye. Nyumba hii ataipangisha."

"Kukuchukua? Kwa siku ngapi?"

"Mtu hapangishi nyumba kwa siku ngapi."

Getruda alishika tawi la uzio, likamkwaruza, akaendelea kulishika.

"Kuna mtu amemwambia naongea na ukuta," mzee alisema. Alimtazama kidogo tu, akayahamisha macho ziwani kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa nyuma apite. "Mtoto ameogopa. Simlaumu. Mama yake alikufa yeye akiwa safarini, hataki yajirudie. Na mimi, mtoto akisema njoo nikutunze, nitasema nini? Wangapi wanaitwa?"

Hilo la mwisho hakulisema kwa ubaya. Lakini Getruda alilipeleka nyumbani likakaa naye kwenye kochi.

*

Sasa ndipo Getruda alipofanya kosa la pili, na alilifanya kwa moyo safi, yaani kosa la aina mbaya kuliko zote.

Aliwaza hivi: kijana anakuja kwa sababu ya buibui. Buibui wasipokuwepo, atamkuta baba yake kwenye nyumba safi, ataona aliyepiga simu ni mwanamke mmbea, atamwacha mzee wake, atarudi Geita. Hesabu ilimkaa vizuri kichwani. Siku ya Ijumaa, mzee aliposhuka mwaloni kutafuta samaki wa kumpikia mwanawe, Getruda alipita kwenye pengo la uzio na fagio refu, ndoo ya maji ya sabuni na kilemba kichwani.

Aliangusha tando zote. Alifagia pembe, alipangusa chini ya bati, alisugua ukuta kwa brashi hadi plasta ikabadilika rangi. Wale wadogo waliruka huku na huku, wakasimama, wakamtazama kwa yale macho yao. Aliwasukuma kwa maji. Mmoja mwenye uso mwekundu alimpanda hadi kwenye kifundo cha mkono, akasimama pale, na Getruda akampukusa chini bila kumwangalia sana.

Modesta alimwona kutoka ng'ambo. "Mama Kija, umeambiwa?"

"Ninamsaidia."

"Sawa," alisema Modesta. "Nimeuliza tu kama umeambiwa."

Mzee alirudi na sato wawili wamening'inia kwenye ukamba. Alifika kibarazani akasimama. Alitazama juu, pembe hii, pembe ile. Alisogea ukutani, akainama kama alivyozoea, mikono nyuma, akakaa hivyo muda mrefu akitazama plasta yenye unyevu.

Getruda alikuwa upande wake wa uzio, amejiandaa. Alikuwa na majibu tayari, mengine matamu sana. Alingoja atukanwe.

"Umefanya vizuri," alisema mzee. "Asante, mama."

Akaingia ndani na samaki wake. Hakutoka tena hadi jua likazama.

Mpenzi msomaji, umewahi kumchokoza mtu mliyezoeana, akakushukuru? Getruda alijaribu. Jioni alisema kwa sauti, kama anamwambia Modesta, kwamba tangu leo hata mbu wamehama kwa aibu. Kimya. Akasema ua limeshinda, buibui kafungwa tatu bila. Kimya. Modesta alikuja hadi kwenye uzio, akachungulia, akashusha sauti, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Umemzima," alisema. "Nimepita kumpa pilipili, yuko kitandani, amejifunika. Okech akimkuta hivyo kesho atasema ulimwambia ukweli. Atasema mzee ameisha."

"Nilitaka abaki," alisema Getruda.

"Najua."

"Nilitaka abaki, Modesta. Mimi asubuhi nitamwamkia nani?"

 Modesta alimshika mkono tu, mikono yake ikinuka mafuta ya samaki, wakasimama pale kwenye maua mpaka mbu wakawafukuza.

*

Asubuhi ya Jumamosi Getruda aliamka na wazo. Halikuwa wazo kubwa. Alikumbuka tu yale mzee aliyokuwa anayasema siku zote na yeye alikuwa anayapinga siku zote: kwamba wale wadogo wanafuata harufu ya maua yake. Aliingia kwenye uzio, akafunua matawi polepole, akatazama chini ya majani yale yanayokwaruza. Hakuona kitu. Akatazama tena, kwa subira ambayo haikuwa yake, pua ikikaribia kugusa kishada. Na hapo akamwona. Alikuwa amekaa kando ya ua la njano, mdogo kama punje ya mtama, amekunja miguu, anamwangalia. Na mwingine. Na mwingine chini yake, mwenye uso mwekundu.

"Kumbe mlihamia kwangu," alisema Getruda.

Alikwenda kuchukua panga.

Kuhusu muda hakuwa na wasiwasi. Tangu ujana wake, mtu anayetoka Geita anafika Busisi, anakuta foleni, anangoja pantoni, pantoni inangoja mkubwa fulani, inavuka, na akifika Kigongo ni mchana. Alijua ana nusu siku. Alichosahau, kama wanavyosahau watu wengi wa umri wake waliozeeka kwenye foleni ile, ni kwamba siku hizi pana daraja, na gari linapita juu ya maji kana kwamba maji hayapo.

Alikata matawi makubwa, yale mazuri, yale ya mbele ambayo wageni huyasifia. Uzio ukabaki na pengo kama mdomo wa mtoto aliyeng'oa meno. Akayabeba kwa kuyakumbatia, taratibu, wakazi wake wakiwa ndani, akapita hadi kibarazani kwa mzee. Akapanda juu ya stuli, akaanza kuyafunga kwenye boriti kwa kamba ya nailoni.

Mlango ukafunguka. Mzee Ojuok alisimama na shati la kanisani, amenyoa ndevu, macho mekundu. Nyuma yake ndani kulikuwa na sufuria inachemka.

"Mama Kija. Unafanya nini?"

"Unaona."

"Naona mwanamke juu ya stuli yangu mbovu."

"Basi ishike."

Akaishika. Akatazama juu. Halafu hakuweza kujizuia.

"Hilo fundo gani?"

"Ni fundo."

"Hilo si fundo, hiyo ni ajali. Upepo wa kwanza maua yako yako Ukerewe. Pitisha kamba chini. Chini, mama. Sasa zungusha. Sasa irudishe ilikotoka. Hivyo. Ayoo naye alikuwa anafunga hivyo hivyo, kama anafunga mbuzi asiyempenda."

"Marehemu alikuwa na subira. Mimi ningekuwa nimekuvunja kichwa kwa hii stuli."

"Kwanza ushuke."

"Nimewaleta wangapi, sijui," alisema Getruda, akilipangusa jasho kwa kiwiko. "Nimeona kama watatu. Kama wanne. Wengine nilishawaua jana, mzee Ojuok. Niliwamwagia maji ya sabuni. Nilidhani nakusaidia."

"Najua."

"Na simu ni mimi."

"Najua, mama. Nani mwingine mtaa huu anaanza na 'sitaki kuingilia'?"

Kwenye tawi alilokuwa amemaliza kulifunga, kidude kimoja kilitoka chini ya jani. Kilisimama kwenye ukingo wa ua, kikapima. Halafu kikaruka, kikatua kwenye ukuta wa mzee Ojuok.  Mzee aliiachia stuli, akasogea, mikono nyuma.

"Karibu tena," aliuambia ukuta. "Tulikuwa na matatizo kidogo hapa."

"Shikilia stuli," alisema Getruda.

"Subiri, namsalimia."

"Utamsalimia mimi nikiwa nimevunjika kiuno."

"Ukivunjika kiuno utaacha kunisumbua."

"Nikivunjika kiuno utanipikia wewe, na buibui wako watanifanyia kazi za nyumbani. Shikilia stuli, mzee."

Aliyeishika stuli hakuwa mzee. Ilikuwa mikono ya kijana, yenye mafuta ya gari kwenye kucha. Okech alikuwa ameshuka kwenye bodaboda njiani, hata haijulikani tangu saa ngapi. Modesta alimwona na alitakiwa kutoa taarifa, kama mila ya mtaa inavyotaka, lakini alikuwa amezama kwenye ubishi akasahau. Okech alikuwa amekuja na begi jipya, kubwa, tupu. Alikuwa ameliweka chini.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba," walijibu wote kwa pamoja, na wote wawili wakaonekana kama watoto waliokutwa juu ya kabati.

Okech alimsaidia Getruda kushuka. Alitazama maua yaliyofungwa kwenye boriti, mengine wima, mengine kichwa chini. Alitazama ukuta. Alimtazama baba yake, shati safi, ndevu zimenyolewa, uso una uhai.

"Baba, ulikuwa unaongea na nani?"

Mzee alifungua mdomo, na Getruda akamtangulia, maana kumtangulia mtu ndicho kipaji chake.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekupigia. Nilikwambia anaongea na ukuta. Ni kweli anaongea. Sikukwambia kwamba ukuta una watu." Akamshika kijana mkono, akamvuta hadi kwenye plasta, akamwinamisha kama mzee alivyokuwa anataka kumwinamisha yeye miaka yote. "Huyu hapa. Usimpulizie. Huyu anakula mbu. Anakaa kwenye maua yangu, anawinda kwa baba yako. Tumekuwa tunagombea ni wa nani."

Okech alitazama. Yule mdogo naye akageuka, akamtazama.

"Na ni wa nani?"

"Wangu," alisema mzee.

"Wangu," alisema Getruda.

Kijana alinyanyuka, akajifuta uso kwa kiganja. Safari yote, alisema, alikuwa anajipanga namna ya kumbeba baba asiyemjua tena. Hakulala. Alikuwa anaogopa kufungua mlango ule. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, akitazama begi, na mzee akaenda akasimama karibu naye, bega kwa bega, bila kumgusa, kama wanaume wa kwao wanavyofanya wanapopendana sana.

"Twende Geita, baba," alisema Okech. "Kule kuna nafasi. Kuna wajukuu."

"Wanao wananiheshimu," alisema mzee.

"Ndiyo."

"Mke wako ananiheshimu. Majirani zako wataniheshimu. Mtu akiheshimiwa toka asubuhi hadi jioni, Okech, anazeeka haraka. Hapa nina mtu wa kunibishia." Akafikiri. "Nitakuja nikae mwezi, nicheze na watoto. Nitakuja kila mara, daraja lipo. Lakini usipangishe nyumba."

Okech alimgeukia Getruda. "Akiumwa, mama, utanipigia?"

"Mimi? Nitakupigia hata akipiga chafya. Tatizo langu halijawahi kuwa kupiga simu."

Hapo kijana akacheka, na ng'ambo ya njia Modesta akacheka pia, halafu akajifanya anakohoa. Okech alilichukua begi lake tupu akaliweka ndani, nyuma ya mlango, kama mtu anayetafuta tu mahali pa kuliweka.

Getruda aliokota panga. Alikusanya vipande vya kamba, akapangusa majani yaliyodondoka sakafuni kwa ncha ya kanga. Baba na mwana wana mengi ya kuzungumza, na yeye leo alikuwa ameshaongea vya kutosha wiki nzima. Alielekea kwenye pengo la uzio. Upande wake nyumba ilikuwa inamngoja, vitambaa vyeupe, kila kitu mahali pake.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mzee Ojuok.

"Kwangu."

"Kufanya nini?"

Getruda alisimama kwenye pengo, panga mkononi. 

Okech alikuwa ameshatoka na jagi la maji na beseni, taulo limelala begani. Alisimama mlangoni, akainama kidogo kama anavyoinama mtu anayemnawisha mama yake. Harufu ya sato na nyanya ikamfuata nje.

"Mama, nawa mikono," alisema. "Baba amepika ugali wa watu watatu. Karibu ndani, tule."